Mnataka Senta Atoke Aletwe Staa? Haya, Ribaundi Atachukua Nani?

Kuna mtu kwenye kundi letu la mashabiki wa Lakers, timu ya Los Angeles kwenye NBA, ligi kuu ya kikapu Marekani, katuma sauti ya dakika nne. Dakika nne nzima, na ujumbe wenyewe ungetosha mstari mmoja: senta, yaani yule mrefu wa kazi ya chini ya ringi, atoke, aletwe staa. "Senta siku hizi ni kazi ya mtu yeyote mrefu," anasema, "sasa mnamlipia nini?" Simtaji huyo staa anayemtaka, maana mwezi ujao atakuwa na mwingine. Nilimsikiliza nikiwa kwenye daladala, nikasonya mpaka dada wa siti ya pembeni akasogeza pochi yake.

Kinachoniudhi si kwamba hajui mpira wa kikapu. Anaujua vizuri tu. Kinachoniudhi ni kwamba Mei Mosi ya 2025 alikuwa macho kama mimi, saa kumi na moja alfajiri, mtaa mzima umelala kwa sababu ya sikukuu, sisi tunawatazama Minnesota wakitutoa mashindanoni mechi ya tano, tena nyumbani kwetu Los Angeles. 103 kwa 96. Kasahau vipi?

Basi nimkumbushe. Minnesota walirusha mitupo 47 ya pointi tatu ile mechi, wakaingiza saba. Saba! Timu inayokosa mara arobaini inatakiwa ipande ndege kimya kimya. Wao wakashinda, kwa sababu mipira iligonga chuma na kumkuta mwenyewe yuko chini anaisubiri: senta wao Rudy Gobert, yule yule ambaye mwaka uliotangulia wachezaji wenzake wa NBA walipoulizwa nani anasifiwa kuliko anavyostahili, walimtaja yeye kuliko mtu mwingine yeyote. Pointi 27, ribaundi 24, yaani mara 24 aliudaka mpira uliokosa ringi. Mfaransa asiyejua kupiga chenga wala kutupa kutoka mbali, anayechekwa mitandaoni kila akidondosha pasi, ndiye aliyetufungia msimu. Siku ya wafanyakazi, tena.

Na sisi kule chini tulikuwa na nani? Hatukuwa na mtu. Kocha JJ Redick alishakata tamaa na senta wetu Jaxson Hayes. Mechi ya nne alichezesha watu wale wale watano kipindi chote cha pili, hakumpumzisha hata mmoja, na kati ya hao watano senta hakuwamo. LeBron, miaka 40, anasukumana mbavu na mtu wa futi saba. Sijui kama mliwaona sura zao robo ya nne. Walikuwa wamekwisha.

Kinachochekesha, kama una roho ya kucheka, ni kwamba Anthony Davis, aliyekuwa akicheza senta kwetu, alishasema Januari ile ile, hadharani, kwamba timu inahitaji mtu mkubwa mwingine. Kaomba msaidizi, kapewa tiketi ya Dallas. Ndipo uongozi ukashtuka kwamba kule chini hakuna mtu, ukakimbilia Charlotte kumchukua senta wao Mark Williams, vipimo vya afya vikawatia hofu, wakaufuta mpango. Dirisha la kubadilishana wachezaji lilikuwa limeshafungwa, tukaingia hatua ya mtoano bila senta wa kueleweka, tukiwa na mabango makubwa ya Luka Dončić, staa tuliyepewa na Dallas badala ya Davis.

Najua, najua. Mtasema Luka ni Luka. Haya, ni kweli. Kijana wa miaka 25 mwenye kipaji kile, akija mlangoni unafungua hata ukiwa umejifunga taulo. Ningesaini, na aliyewapa watu Luka kashafukuzwa kazi kule Dallas, kwa hiyo hesabu yake ilionekana. Lakini hapo ndipo watu wanapochanganya mambo. Staa akija anakuja na vyake. Shimo aliloacha senta linabaki pale pale, na usipomtafuta mtu wa kulijaza, mpinzani atakutafutia yeye.

Sasa hili la "mtu yeyote mrefu". Niacheni niseme nalo kidogo, maana ndilo linalonipandisha presha.

Kazi ya senta nyingi huzioni kwenye takwimu kwa sababu anazifanya ili mwingine ahesabiwe. Anasimama kama ukuta, ndiyo skrini hiyo, ili mlinzi wa kule agongane naye, gadi wetu apate nusu sekunde ya kutupa: pointi inaandikwa kwa gadi. Anamziba mtu wake kwa mgongo, anamkalia kiunoni, mpira unadondoka mikononi mwa fowadi: ribaundi ni ya fowadi. Anapiga kelele kutoka nyuma, "skrini kushoto! kushoto!", kwa sababu yeye peke yake anaiona korti nzima, mtu anageuka kwa wakati, shambulizi linakufa. Hilo halina safu kwenye karatasi. Na kuna ile ambayo hata mashabiki wakongwe hawaihesabu: mchezaji anaingia kwa kasi, anamwona jitu limesimama chini ya ringi, anaghairi, anarudisha mpira nje. Utaandika nini hapo? Senta ni kama utingo wa lori: dereva ndiye anayepungiwa mkono njia nzima, lakini gari likizimika kwenye mlima Kitonga, anayeruka na jiwe la kuweka chini ya tairi si dereva.

Hata sisi wa jioni, tunaocheza kwa kuchangiana hela ya maji, tuliwahi kulipata hili. Tulikuwa na jamaa mmoja, fundi vigae, tulimwita Mjomba ingawa hakuwa mkubwa sana. Mikono migumu, magoti yanalia akikimbia, hatupi zaidi ya hatua mbili kutoka kwenye ringi. Akaja kijana mmoja anaruka mpaka kiwiko kinagusa chuma, anadanki watoto wanashangilia hadi nje ya uzio. Mjomba akaanza kukaa benchi. Hakulalamika, akawa anashika simu zetu na funguo. Baada ya muda mtupaji wetu hodari, ambaye alikuwa hakosi kutoka kona ya kulia, akaanza kukosa. Akabadilisha viatu. Akabadilisha namna ya kushika mpira. Akaniambia kabisa, "Kaka, nadhani mkono umekufa." Jioni moja Mjomba akaingia kwa sababu yule mrukaji alikwenda msibani, na mkono ukafufuka. Mipira inaingia tu, chwa, chwa. Yule bwana akamwangalia Mjomba kama ndiyo kwanza anamwona. Alikuwa anakosa kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumzuilia mlinzi wake. Mrukaji alikuwa akisimama pembeni kusubiri pasi ya juu.

Sasa chukua hilo ulipeleke fainali. Wana Lakers wenzangu, tuseme ukweli ambao hatupendi kuusema: ubingwa wa 2010 tunadaiwa asante na goti la Kendrick Perkins. Senta wa Boston, mtu wa pointi kumi hivi kwa mechi, uso umekunja kuanzia wimbo wa taifa. Akaumia mechi ya sita. Mechi ya saba tukashinda 83 kwa 79, na Kobe Bryant wetu, Mungu amrehemu, alitupa mara 24 akapata sita. Sita! Staa wa mastaa alikuwa na jioni mbaya kupindukia na bado tukachukua kombe, kwa sababu ribaundi zilikuwa 53 kwetu na 40 kwao. Pau Gasol 18, Kobe mwenyewe 15. Boston walikuwa na Pierce, Garnett, Allen na Rondo wote wazima. Waliyemkosa ni yule wa kununa. Nimewahi kumwambia hivi shabiki wa Boston na akanyamaza, jambo ambalo kwa shabiki wa Boston si la kawaida.

Halafu, miaka miwili tu baadaye, sisi wenyewe tuliofaidika tukafanya nini? Agosti 2012 tukamtoa Andrew Bynum, tukamchukua Dwight Howard. Nakumbuka furaha ile. Steve Nash, Kobe, Gasol, Howard. Kwenye vibanda vya kahawa watu walikuwa wanajadili tutashinda mechi sabini au sabini na mbili. Mechi za maandalizi tukapoteza zote nane. Kocha Mike Brown akafukuzwa baada ya mechi tano za ligi. Nash akavunjika mguu mechi ya pili. Howard mwenyewe alikuja akiwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa mgongo, na bado aliongoza ligi nzima kwa ribaundi, 12.4 kwa mechi, kwa hiyo msiniambie alikuwa mbovu. Hakuwa mbovu. Alikuwa staa. Alitaka mpira apewe akiwa ameupa mgongo ringi, Kobe naye anautaka, Nash kazoea kuushika, na Gasol, senta mwenye akili kuliko wote niliowahi kuwatazama, akasukumwa pembeni huko kwenye mstari wa pointi tatu kama mgeni aliyekosa kiti. Mechi 45 za kushinda. Kobe akakatika mshipa wa kisigino Aprili. San Antonio wakatufagia nne kwa bila, Howard akatolewa nje na mwamuzi mechi ya mwisho, na Julai akahamia Houston kwa pesa pungufu ya tuliyomwekea mezani.

Bynum? Hakucheza hata mechi moja Philadelphia, magoti yalikuwa yamekwisha. Kwa hiyo siwezi kusema tungembakiza tungepona. Ila ubao wa matokeo wa San Antonio haukubadilika kwa sababu hiyo.

Kuna watu watanirukia na 1996. Sawa, 1996 ipo. Lakers walimtoa Vlade Divac, wakapata haki ya kumsajili mtoto wa miaka 17 anayeitwa Kobe Bryant, na nafasi ya mshahara iliyobaki wakamwekea Shaquille O'Neal dola milioni 120 kwa miaka saba. Makombe matatu mfululizo, 2000 hadi 2002. Nimeshindwa, mmefurahi? Lakini Shaq alikuwa senta tangu kuzaliwa, kilo zake zilikuwa zinafanya kazi hata akisinzia. Kama huyo wa kwenye sauti ya dakika nne ni Shaq, nileteeni karatasi nisaini sasa hivi.

Mtasema Nikola Jokić je, senta ambaye ni staa? Denver walimchagua namba 41 mwaka 2014, televisheni ikiwa kwenye tangazo la chakula. Yule alikuzwa nyumbani. Mtasema staa anauza jezi; hilo halinihusu, mimi yangu nilinunua soko la Karume. Na kuhusu mishahara, angalieni Oklahoma: 2024 walikuwa na pesa ya kutafuta jina kubwa, wakamchukua Isaiah Hartenstein kutoka New York, miaka mitatu, dola milioni 87, mtu wa skrini na ribaundi, wakamweka nyuma ya staa waliyekuwa naye tayari. Wakashinda mechi 68 na ubingwa Juni 2025. New York walioachwa wakamleta Karl-Anthony Towns, staa kweli, wakafika fainali ya Mashariki, pongezi kwao. Mechi ya tatu ya fainali hiyo, wakiwa nyuma mbili bila, walimwanzisha nani? Mitchell Robinson. Mtu wa ribaundi.

Na sisi Watanzania ndio tungetakiwa kulielewa hili kuliko wote. Hasheem Thabeet alichaguliwa namba mbili mwaka 2009, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry wa saba, na mpaka leo kuna watu wanacheka. Wanacheka nini? Kijana wa Dar, futi saba na inchi tatu, chuo kikuu cha Connecticut alipewa tuzo ya mlinzi bora wa ukanda wao miaka miwili mfululizo. Alikuwa mtu wa kulinda ringi. Halafu akapewa namba ya staa, mshahara wa staa, na lawama za staa, na kila alipokosa kufunga tukajifanya tumeshangaa, hata huku nyumbani. Memphis, timu iliyomchagua, walimshusha hadi ligi ya maendeleo msimu ule ule wa kwanza. Nikisikia Mtanzania anasema "senta hafungi, atoke", huwa natamani kuzima data.

Sijasema senta tuliye naye ni malaika. Anachelewa kurudi kulinda, mikono yake wakati mwingine ina sabuni, na kuna jioni ananuna. Mtafutieni mbadala kama mnamtaka, sina shida. Ila mbadala awe senta.

Nani hasa alithibitisha ninachosema? Dwight Howard huyo huyo. Alirudi Lakers 2019, miaka 33, hakuna timu inayomgombania, mkataba usio na uhakika wowote, kaambiwa wazi mpira hautakuwa wako. Akakubali. Skrini, ribaundi, faulo za kusaidia, benchi bila kununa. Fainali ya Magharibi 2020 dhidi ya Denver akapewa Jokić amsumbue, akaanza kumgasi tangu kwenye mstari wa katikati, mechi ya nne akaanzishwa, akachukua ribaundi kama mtu anayedai kodi. Oktoba akapata ubingwa alioukosa 2013 akiwa staa. Mpelekeeni haya huyo wa dakika nne, na mwambieni nasubiri sauti nyingine.