Ukifumba macho, kamera si yako tena

Katika tiba ya hipnosisi, yaani kuongozwa kwa maneno hadi mwili na akili vilegee na uyapokee mapendekezo, ikifanywa kwa njia ya video, anayehitaji picha ni mmoja tu, naye si mteja. Robo saa baada ya kikao kuanza mteja ameshafumba macho, na kuanzia hapo kinachomfikia ni sauti peke yake. Mtaalamu ndiye anayefanya kazi kwa macho. Lakini wateja wengi wa hapa Mwanza huandaa kikao kinyumenyume: wanahangaika uso wa mtaalamu uonekane vizuri, ilhali wao wamekaa na dirisha nyuma ya kichwa, simu imeegeshwa kwenye mto, na anachokiona mwenzao ni kivuli na dari.

Anatafuta nini? Kwanza pumzi, inavyoshuka kutoka kifuani kwenda tumboni. Kisha kope zinazochezacheza, taya linalolegea, koo linaloacha kumeza mate mara kwa mara, vidole vinavyotulia juu ya mapaja. Na zaidi ya yote, machozi yasiyo na sauti, au mkono uliokunja ngumi ghafla, maana hapo ndipo anapotakiwa kubadili njia. Vitabu vya kigeni hutaja pia uso kubadilika rangi. Kwa ngozi zetu na kamera ya simu ya bei nafuu, hiyo sahau. Pumzi na koo vinatosha.

Kwa hiyo simu ikae umbali wa mita moja hadi moja na nusu, usawa wa kifua, picha ianzie utosini na kuishia mikononi. Mwanga utoke mbele yako. Kama huna stendi, ndoo iliyopinduliwa juu ya stuli inafanya kazi ileile, mradi simu haitelezi. Kaa kwenye kiti chenye mgongo mrefu na pa kuegemeza kichwa. Kitandani usijaribu, angalau vikao vya mwanzo, kwa sababu mwili unajua kitanda ni cha nini. Aliyelala hasikii maelekezo, na kikao kinageuka usingizi wa mchana wa kulipia. Mtaalamu makini hulipima jambo hili kwa ishara: mnakubaliana mapema kwamba akikuuliza, unanyanyua kidole cha shahada. Kidole kisiponyanyuka na mkoromo ukaanza, majibu yamepatikana.

Macho nayo yasikodolee skrini. James Braid, daktari wa upasuaji Mskoti aliyefanya kazi Manchester na ambaye maandishi yake ya 1843 ndiyo yaliyolisambaza neno hipnosisi, alikuwa akimshikia mgonjwa kitu kinachong'aa, sentimita 20 hadi 40 hivi kutoka machoni, juu kidogo ya paji la uso. Kilichochosha kope ni ile hali ya kutazama juu, wala hakukuwa na uchawi kwenye hicho kitu. Nyumbani kwako chagua msumari au doa ukutani, juu ya simu. Skrini ina mwanga unaokuamsha, na ina uso wako mwenyewe kwenye kona unaokufanya ujiangalie ulivyokaa.

Sasa bando. Mazungumzo ya video ya watu wawili kwenye Zoom, kwa ubora wa kawaida, hula karibu MB 540 kwa saa, nusu ikipanda na nusu ikishuka. Ukipandisha ubora unavuka GB 1. Hapa ndipo ile hoja ya mwanzo inapookoa hela: ukishafumba macho, mwombe mtaalamu azime kamera yake na ya kwako ibaki wazi. Nusu ya matumizi inaondoka na hukupoteza chochote. Tatizo ni kwamba kwenye mitandao ya simu njia ya kupandisha ndiyo dhaifu, na hiyo ndiyo inayobeba picha yako. Mtandao ukianza kukwama, shusha ubora wa picha kabla sauti haijaguswa. Picha yenye chengachenga mtaalamu atavumilia, ila sauti inayokatikakatika inakutoa nje kila mara unapozama.

Ukitumia Zoom ya bure, kumbuka kikomo cha dakika 40, ambacho tangu 2022 kinahusu hata watu wawili. Kikao cha kawaida kina dakika 10 za mazungumzo, 10 za kuingia kwenye utulivu, 20 hivi za mapendekezo (maneno ya tiba yenyewe), 5 za kurudi, kisha maongezi ya mwisho. Piga hesabu: mkato unakuta watu mwishoni mwa mapendekezo, kabla ya kurudishwa. Mtaalamu anayetoza fedha halafu anatumia akaunti ya bure ameshakueleza anavyoiona kazi yake.

Jambo jingine lisilosemwa ni kichuja kelele. Programu hizi zimetengenezwa kwa ajili ya mikutano ya ofisi. Sauti ya chini, ya taratibu, iliyovutwa, zinaichukulia kama feni na kuikata. Mtaalamu anashusha sauti ili uzame, wewe unasikia nusu ya sentensi. Kwenye Zoom kuna mpangilio wa sauti halisi; aufungue yeye upande wake. Wewe tumia hedifoni za waya. Zisizo na waya zina tabia ya kutangaza kwa Kiingereza kwamba chaji inaisha, tena palepale ulipofika kina. Simu iwe na chaji ya kutosha au iunganishwe na pawabenki, kwa kuwa umeme haupigi hodi unapokatika. Kama una simu ya pili, iweke hotspoti yenye laini ya mtandao tofauti, na ile ya kikao uiweke hali ya ndege kisha uwashe Wi-Fi. Bila hivyo, simu ya kawaida ikiingia inasimamisha kikao, na anayepiga huwa ni mtu wa mikopo.

Kelele za nje ni sura nyingine. Mvua ikianza kupiga bati, hakuna hedifoni itakayokuokoa, ahirisheni tu. Kwa aliyepanga chumba na sebule Mabatini au Igogo, ukuta mmoja na jirani, shida kubwa kuliko kelele ni faragha. Mtu hawezi kusema kinachomsumbua kuhusu mumewe huku shemeji yuko upande wa pili wa pazia. Redio ndogo ikiwekwa nje ya mlango, si ndani, hufunika maneno vizuri zaidi ya kunong'ona. Wengine huazima ofisi baada ya saa za kazi, nayo ni njia nzuri. Gari lililoegeshwa kivulini lawezekana pia, ila usiliendeshe kwa dakika 20 baada ya kikao. Boda vivyo hivyo, hata kama wewe ni abiria tu.

Kuhusu mtaalamu wa nje ya nchi, nina msimamo: kama kuna anayejua kazi na anaongea Kiswahili, mchukue huyo. Mapendekezo ya hipnosisi hayapiti kwenye tafsiri. Unaposikia sentensi ya Kiingereza na akili inaigeuza kwanza, sehemu yako inayochambua imeshaamka, na kuilegeza hiyo ndiyo ilikuwa kazi nzima. Hata Kiswahili kina mitego yake. "Usiogope" inaleta hofu chumbani. "Unatulia" haina haja ya hofu kutajwa. "Jaribu kulegeza mabega" tayari imebeba harufu ya kushindwa. Na maneno ya utani kama kulazwa, kupumbazwa, mazingaombwe yasiingie kabisa, kwani mteja aliyekuja na wasiwasi kwamba atatawaliwa huyasikia yote matatu kwa mara moja.

Ukimchukua wa Uingereza hata hivyo, angalieni saa mara mbili. Sisi tupo mbele yao kwa saa tatu wakati wa baridi yao na saa mbili wakati wa kiangazi. Wanabadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Ongeza na hesabu yetu ya saa: akiandika 2 akimaanisha alasiri yake, kwako ni saa kumi na moja jioni, au saa kumi, na wala si saa mbili yoyote. Mwandikiane kwa mfumo wa tarakimu 24. Na ujue kwamba kule kwao yeyote anaweza kujiita mtaalamu wa hipnosisi, sheria haililindi jina hilo. Muulize ana taaluma gani nyingine ya afya: udaktari, saikolojia, uuguzi, ukunga. Asiye na hata moja namwona ni wa kuogopwa anapoahidi kutibu maradhi.

Kuna jambo la ziwa. Maelekezo mengi yaliyoandikwa Ulaya humpeleka mteja ufukweni, kwenye maji tulivu, wakati mwingine ndani ya boti inayoyumba polepole. Huku kwetu msomee mtu hayo bila kumuuliza, halafu umkute alifiwa kwenye kuzama kwa MV Bukoba, Mei 1996, au kwa MV Nyerere karibu na Ukara, Septemba 2018. Maji kwake si utulivu. Swali la "kuna mahali pa kuepuka?" lazima liulizwe kabla, na wewe mteja usisubiri kuulizwa. Ngazi za ghorofa kumi na lifti za kushuka nazo hazina maana kwa mtu wa Ukerewe. Mawe yapo tele: jiwe kubwa lenye kivuli, lililopata jua asubuhi na sasa linapoa, mgongo umeliegemea. Picha hiyo inashika haraka kuliko theluji.

Inatibu nini hasa? Penye ushahidi imara zaidi ni tumbo. Peter Whorwell na wenzake wa Manchester walichapisha jaribio lao mwaka 1984 kuhusu IBS, yaani utumbo unaouma na kuvuruga choo bila kidonda wala vijidudu. Kundi hilohilo mwaka 2019 lilitoa matokeo ya wagonjwa 20 waliotibiwa kwa Skype: asilimia 65 walipata nafuu ya kuhesabika, dhidi ya 76 kwa wanaokaa ana kwa ana. Watu 20 ni wachache, lakini inaonyesha pengo lipo na si kubwa. Joto la ghafla la wanawake waliokoma hedhi lina ushahidi mzuri, maumivu na hofu ya sindano au ya meno pia. Kuacha sigara, ambako ndiko kunatangazwa sana, tathmini ya 2019 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopitia tafiti za tiba, haikukuta uthibitisho kwamba hipnosisi inazidi njia nyingine.

Hata hilo tumbo, mtu wa kando ya Victoria asianze na video. Kichocho cha tumbo kimejaa ufukweni huku, na maumivu yake yanaweza kufanana na IBS kwa miezi. Pima choo kwanza, tibu kichocho na minyoo kama vipo, ulizia vidonda vya tumbo. Damu kwenye choo, kupungua uzito bila sababu, homa, maumivu ya kukuamsha usiku, hayo ni ya daktari. Mtaalamu wa mtandaoni asiyeuliza haya kwenye kikao cha kwanza hajaifanya kazi yake, kwa sababu kikao cha kwanza hakitakiwi kuwa na hipnosisi kabisa. Ni cha historia, saa moja au zaidi. Mwenye kusikia sauti, mwenye imani zisizotikisika kwamba anafuatwa, au anayefikiria kujiua, huyo aende hospitali, idara ya afya ya akili Bugando kwa mfano, na video ingojee. Na akitokea wa kusema atakurudisha utotoni ukumbuke nani alikuroga, funga simu. Hipnosisi haichimbui kumbukumbu. Inaongeza uhakika wa mtu juu ya kumbukumbu, hata ile ya uongo, na kwetu huku kumtaja bibi kizee kwa uhakika kumewahi kugharimu maisha ya watu.

Mtandao ukikatika katikati, hakuna anayebaki "amekwama". Ama utafungua macho mwenyewe baada ya dakika chache, ama utasinzia na kuamka kawaida. Bado, liwekwe wazi kabla: mtaalamu aseme kwamba ukikosa sauti yake kwa muda, utavuta pumzi, utahesabu moja hadi tano na kufungua macho ukiwa timamu. Kila kikao kianze na maswali matatu: uko wapi hasa, mtaa na nyumba, namba ya mtu aliye karibu, na simu ikikatika nani anampigia mwenzake. Kama mikono iliambiwa kuwa mizito, uzito huo uondolewe kwa maneno kabla ya kuagana. Wanaoruka hapo ndio huacha wateja na kizunguzungu jioni nzima.

Malipo yawe kikao kwa kikao. Kifurushi cha vikao kumi kilicholipwa kwa mkupuo kinamfunga mteja hata pale asipoona mabadiliko baada ya vinne. Kurekodi kunahitaji ridhaa yako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, kwa hiyo uliza faili litakaa wapi na litafutwa lini.

Unachopaswa kudai ni rekodi ya sauti ya mazoezi. MP3 ya dakika 20 ni MB 10 hadi 20 hivi. Ipakue mara moja, usiisikilize kwa kuivuta mtandaoni kila siku. Mara moja kwa siku, umekaa, si kwenye daladala wala jikoni penye mafuta ya moto. Ukisinzia katikati ya zoezi siku tatu mfululizo, hamisha zoezi kutoka usiku kwenda saa kumi alasiri.