Shemeji Yangu wa Iowa na Magavana Wake

Jamani, mimi na Marekani hatuna ugomvi. Kazi ipo, watoto wanasoma, theluji nimeizoea kwa shingo upande. Ugomvi wangu ni na kalenda. Mimi ni raia kamili, niliinua mkono nikaapa, naishi New Jersey, jimbo lenye watu zaidi ya milioni tisa. Lakini ukifika mwaka wa vyama kusaka mgombea urais, sisi tunaitwa kwenye kura za mchujo mwezi wa Juni. Juni! Wenzetu wa Iowa na New Hampshire wameanza Januari au Februari. Ni sawa na kuulizwa utakula nini wakati vyombo vimeshaoshwa.

Mnadhani natia chumvi? Mwaka 2016 zamu yetu ilikuwa Jumanne, tarehe 7 Juni. Nimefua shati, nimepiga pasi, nimeomba ruhusa kazini. Jumatatu jioni shirika la habari la AP likatangaza kuwa Hillary Clinton ameshafikisha wajumbe anaowahitaji, wale wanaompitisha mgombea kwenye mkutano mkuu wa chama. Hata usiku mmoja hawakutuvumilia! Mwaka 2024 ndiyo usiseme: Biden na Trump wote wawili walifunga hesabu tarehe 12 Machi, sisi tukapiga kura tarehe 4 Juni. Mama wa kituoni alinitazama kwa huruma, akanipa kibandiko cha kifuani nikaenda zangu.

Nyumbani Tanzania mwaka 2020 watia nia waliokatwa walilia kuwa wajumbe si watu. Huku wajumbe ni watu bila wasiwasi, ila wanaotugombania wameshajitoa wote kabla hawajatufikia. Na New Jersey ndilo jimbo ambalo hata kujijazia mafuta sheria haituruhusu. Unakaa ndani ya gari, kijana anakuja anakujazia. Basi nimeelewa utaratibu: mafuta tunajaziwa, na mgombea tunachaguliwa.

Haya yote ningeyameza kama si shemeji yangu, kaka yake mama watoto, anayeishi Des Moines, mji mkuu wa Iowa. Iowa yote ina watu milioni tatu na ushee, lakini huyu bwana tangu apate uraia hashikiki. Mwaka 2019 kuelekea Desemba ukimpigia simu anakujibu kwa kunong'ona, "Shemeji, nitakurudia, nimekaa na gavana." Gavana! Mtu mzima anayeutaka urais katoka jimboni kwake, kapanda ndege, kuja kunywa kahawa na mtu ambaye kule Tanga hata mjumbe wa nyumba kumi alikuwa hamjui. Anashikwa mkono, anaulizwa hali ya mama yake, anapigwa picha. Mmoja akamwomba maoni yake kuhusu China. Maoni ya shemeji kuhusu China ni kwamba redio zao hazidumu, na nasikia yule bwana aliyaandika kwenye daftari.

Kila Agosti kuna maonyesho makubwa ya jimbo, na pale huwekwa ng'ombe wa siagi, ukubwa wake ng'ombe kweli. Wanaoutaka urais lazima waende wakasimame mbele ya kamera wanatafuna nyama ya nguruwe iliyochomekwa kijiti. Shemeji nguruwe hali, lakini kwenda kuwaangalia wanavyopaliwa, haachi. Wakimaliza kutafuna wanasifu ethanoli, yale mafuta ya gari yanayotokana na mahindi, kwa sababu mahindi ndiyo Iowa yenyewe. Seneta John McCain alikuwa anapinga ruzuku za ethanoli, na mwaka 2000 akaona bora Iowa asiipiganie kabisa. Sisi New Jersey tuna mashimo barabarani na treni za kwenda New York zisizojua saa. Nani amewahi kuja kuyasifu mashimo yetu? Ron DeSantis, aliyeutaka urais wa 2024, alizizunguka wilaya zote 99 za Iowa, moja baada ya nyingine. Akashika nafasi ya pili tarehe 15 Januari 2024, na wiki haikuisha akajitoa. Wilaya 99! Mtaa wangu hata kukosea njia akapita, hakupita.

Ungetegemea waliopewa heshima hiyo basi wajue kuhesabu. Mwaka 2012 Warepublican wa Iowa walitangaza kwamba Mitt Romney ameshinda kwa kura nane. Wiki mbili baadaye wakasema hapana, samahani, ni Rick Santorum, kwa kura 34. Mwaka 2020 zamu ya Wademokrati. Hao walikuwa hawatumbukizi karatasi. Mnakutana ukumbini, kila mtu anasimama kwenye kona ya mgombea wake, na kwa kawaida kona isiyofikisha asilimia 15 inavunjwa, mkatafute kwa kuhamia. Shemeji alihama kona huku kila kona inambembeleza, mmoja mpaka biskuti kampa. Mwisho wa yote programu ya simu ya kutuma matokeo ikagoma, nchi nzima ikakesha bila mshindi, hesabu zikaja vipande vipande siku zilizofuata. Na Biden, aliyekuwa wa nne pale na wa tano New Hampshire, ndiye akaja kuwa rais!

Hao New Hampshire nao wana sheria, imeandikwa, kwamba mchujo wao lazima utangulie mwingine wa aina hiyo kwa siku saba au zaidi. Iowa wanaponea kwa kuwa wao hukutana ukumbini, si mchujo wa kura. Yaani umekaa kwako, umejitungia sheria kwamba wewe ndiye wa kwanza. Na mimi nitaitunga yangu niibandike mlangoni mwa bafu, maana kwangu asubuhi naingia wa mwisho. Wana na kijiji cha Dixville Notch kinachopiga kura saa sita ya usiku. Mwaka 2024 wapiga kura walikuwa sita, wote wakampa Nikki Haley, mpinzani wa Trump, na waandishi wa habari pale ndani walikuwa wengi kuliko wao.

Sisi tulishajaribu kuruka foleni. Mwaka 2008 New Jersey ikasogeza siku yake hadi tarehe 5 Februari. Kumbe majimbo mengine zaidi ya ishirini yalikuwa na akili hiyohiyo, siku hiyohiyo. Nani angetuona? Uchaguzi uliofuata tukarudi Juni kimyakimya.

Sasa mwaka 2024 Wademokrati wakaamua South Carolina ndiyo ifungue. New Hampshire wakagoma, wakapiga kura yao Januari vilevile. Jina la Biden halikuwa kwenye karatasi, wakaliandika kwa mkono na akashinda. Iowa wakatii. Wademokrati wake wakatumiwa makaratasi kwa posta, matokeo yakatangazwa tarehe 5 Machi, siku moja na umati wa majimbo mengine. Shemeji akanipigia, sauti imekwisha. Hakuna kahawa, hakuna gavana, hakuna anayetaka kujua kuhusu China. "Shemeji, wametutelekeza."

Nikampa pole. Nilimpa pole ndefu, ya kiutu uzima, simu nimeiziba kwa mkono kila kicheko kikinipanda. Mama watoto akanipokonya simu.

"Unamcheka kaka yangu? Mwenzio barua ya posta ameipata. Wewe umepata nini?"