Sanaa ya taka viwanjani Kampala: ipi ikae juani?

Wapo wanaotaka viwanja na barabara za Kampala zipambwe kwa sanaa iliyofumwa kwa taka, ikiiga viota, mizizi na masega ya nyuki. Naiunga mkono hoja hiyo. Mji uliozika watu baada ya jalala la Kiteezi kuporomoka Agosti 2024 hauna haki ya kuendelea kuficha taka zake. Mafundi nao wapo. Sanaa Gateja huviringisha karatasi kuukuu kuwa shanga na kuzishona juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti. Mwaka 2022, kazi za Acaye Kerunen za ukindu na nyuzi za mgomba, pamoja na za Collin Sekajugo, ziliipatia Uganda tuzo ya heshima katika Venice Biennale, maonyesho ya sanaa ya kimataifa nchini Italia, tena mara yake ya kwanza kuwa na banda la taifa huko.

Lakini kazi hizo zilikuwa chini ya paa.

Nje mambo ni mengine. Kaveera, yaani mfuko wa plastiki, hukatwa kwa kuzungushwa hadi iwe utepe mmoja mrefu, ikasokotwa, kisha ikafumwa kwa kulabu. Ikiwa mpya, ni laini mkononi. Ikishapigwa na jua kwa miezi, utepe hukakamaa; ukiupinda unakatika na kuacha chembe vidoleni. Mvua ikinyesha, chembe hizo huingia mfereji wa Nakivubo, zikapita kwenye kinamasi hadi Ghuba ya Murchison katika Ziwa Victoria, ambako Kampala huvuta sehemu ya maji yake ya kunywa. Mitumba ya poliesta iliyokosa mnunuzi katika soko la Owino nayo hupukutisha nyuzi ndogo mno.

Watetezi hujibu kwamba kaveera hiyo ingefika ziwani hata hivyo. Ni kweli kwa kiasi fulani. Ila kaveera nzima mtu anaweza kuiokota. Ikishakuwa unga, nani ataiokota? Wala tusijidanganye kwamba sanaa inapunguza taka: kazi kubwa kabisa humeza magunia machache tu. Faida yake ni kumfanya mpita njia asimame na kutazama, na hiyo kwangu inatosha kuigharamia.

Basi nje tuweke kinachoweza kuoza. Mgomba hukatwa mkungu ukishavunwa, na nyuzi zake ni masalia ya shamba. Lubugo hutoka kwenye gome la mti wa mutuba. Gome likishabanduliwa, shina hufungwa majani ya mgomba, gome likaota tena. Vikioza kwa mvua havimdhuru mtu. Plastiki na poliesta viingie ndani, tuseme Makumbusho ya Uganda pale Kamwokya, au kwenye kumbi za uwanja wa ndege wa Entebbe, ambako wageni hungoja.

Anayeagiza kazi ya nje aandike kwenye mkataba siku ya kuiteremsha, na fedha za kuiteremsha azitenge mapema. Wanawake wanaofuma walipwe kwa siku walizofanya kazi, na majina yao yawe kwenye kibao kile kile chenye jina la msanii.