Mwimbaji wa injili na suala la bahasha

Mwimbaji wa injili akitaja tu kiasi anachotaka ili apande jukwaani, ubishi unaanza, na pande zote mbili hufungua Mathayo 10. Wanaopinga husoma mstari wa 8: "mmepata bure, toeni bure." Wanaotetea hushuka hadi wa 10: "mtenda kazi astahili posho lake."

Chukua safari ya Rose Muhando, mwimbaji wa injili wa Tanzania. Alizaliwa mwaka 1976 huko Dumila, Kilosa, akatoka kwenye Uislamu na kuwa Mkristo, akafundisha kwaya ya kanisa la Anglikana Chimuli, Dodoma. Februari 2011 akasaini na Sony Music mkataba wa albamu kadhaa. Wapo waliosema injili imepata mabawa, na wapo waliosema imepata tajiri.

Mimi naanzia kwenye hesabu. Enzi za kanda, waimbaji wengi waliuza masta, yaani rekodi halisi ya wimbo, kwa msambazaji kwa malipo ya mara moja. Wimbo ukipigwa kwenye kila daladala, anayevuna ni msambazaji na wale wanaofyatua kanda za wizi. Siku hizi wimbo uko mtandaoni, lakini inabidi usikilizwe mno ndipo pesa ya maana ionekane. Kilichobaki ni mialiko. Na kwenye mialiko, kamati ya maandalizi inalipia mahema, vyombo vya muziki, jenereta na matangazo ya redio bila kunung'unika. Mwimbaji ndiye anayeambiwa "Bwana atakubariki." Ibada ikiisha, mhazini anamvuta pembeni na kumpa bahasha. Akiifungua garini, anakuta nauli yake mwenyewe. Mpiga kinanda na wacheza shoo aliokuja nao atajua mwenyewe. Kama mlangoni watu wamelipa kiingilio, hiyo si huduma tena, na kumtaka yeye peke yake atoe bure ni dhuluma.

Mchungaji mara nyingi ana posho na nyumba ya kanisa. Mwimbaji binafsi hana mwajiri. Mwishoni mwa 2018, video ya Rose Muhando akiombewa Nairobi akiwa katika hali ya dhiki ilisambaa sana. Watu waliitazama, wakaisambaza, wakatoa hukumu. Baadaye alirudi na nyimbo mpya. Lakini nani alikuwa na wajibu rasmi wa kumtunza miezi ile? Hakuna.

Hata hivyo, upande wa pili una hoja ambayo watetezi wa malipo huiruka, nayo ni kwaya. Karibu kila mwimbaji mkubwa amelelewa na watu waliofanya mazoezi jioni baada ya shamba au kazi, wakachanga wenyewe hela ya sare, wala hawajawahi kulipwa. Sauti ya kwanza na ya pili alifundishwa bure. Akipanda bei hadi kanisa la kijijini lishindwe kumwalika hata mara moja kwa mwaka, wale waliomlea wana haki ya kununa. Tena soko lina tabia ya kuchagua wimbo: toba haiuzi kama ushindi dhidi ya maadui, ndiyo maana "adui zangu" wamejaa kwenye albamu kuliko dhambi zangu. Msimu wa kampeni ukifika, jukwaa la siasa hulipa vizuri kuliko madhabahu.

Lawama nyingine waimbaji wamejitakia. Kuchukua malipo ya awali kisha kuzima simu siku ya tamasha, huo ni utapeli, uwe umeokoka au hujaokoka.

Kwa hiyo sioni dhambi kwenye bei. Naiona kwenye kutokuandikiana. Tamasha la kiingilio liwe na mkataba: kiasi, tarehe, nani analipa usafiri, na malipo ya awali yanarudishwaje mwimbaji asipofika. Kanisa dogo nalo liseme mapema, "tuna nauli na chakula tu," mwimbaji ajibu ndiyo au hapana kabla mabango hayajabandikwa.