Silinda Moja Imegoma

Gari langu lina silinda nne, lakini tangu mwezi wa pili zinazofanya kazi ni tatu. Hiyo moja iliyobaki imekuwa kama yule mgeni aliyekuja matangani akabaki: petroli anakunywa, jembe hashiki.

Kwenye tambarare huwezi kujua. Ngoja nipande Waiyaki Way kutoka Westlands kuelekea Kangemi. Puku-puku-puku! Usukani unatetemeka kama mwenye malaria, matatu nyuma yangu inapiga honi, makanga anachomoza kichwa kuniuliza kama nimebeba mawe. Hata soja wa ploti yetu huko Uthiru hahitaji honi. Akisikia kikohozi tu, geti liko wazi kabla sijafika.

Na Nairobi hii kila mtu ni fundi. Jirani yangu Baba Shiru, ambaye hana hata baiskeli, alisema ni petroli chafu. Kijana wa boda akasema sailensa. Shemeji yangu alisikiliza injini kwa simu, yeye yuko Eldoret, akasema, "Hiyo uza."

Fundi wangu ndiye aliyenimaliza. Aliinamia injini, akafumba macho kama anayeomba, akasema, "Plagi, mkubwa." Nikashuka Kirinyaga Road nikanunua plagi nne. Likakohoa. "Basi ni pampu ya petroli." Pampu ikabadilishwa. Likakohoa. Alipotaja injekta nikaelewa kwamba huyu hatibu, anapiga ramli, na kila kibao kikikosea mimi ndiye ninayetuma pesa kwa simu.

Halafu taa ya injini, ambayo nilishaizoea kama taa ya barazani, ikaanza kupepesa. Hapo hata mimi niliogopa. Ikipepesa maana yake petroli isiyochomeka inateremka mpaka kwenye ekzosi na kuunguza katalisti, kile kifaa cha kusafisha moshi, na bei yake sitaki hata kuisikia.

Mtu akanielekeza kwa kijana mmoja wa gereji ya mabati. Sikumwamini, ndevu hana. Akachomeka kidude sawa na kibiriti chini ya usukani, simu yake ikaandika namba ya hitilafu, P0303. "Hiyo tatu ya mwisho ndiyo silinda yenyewe, mzee. Ingekuwa P0300, isiyotaja silinda, tungetafuta mpaka jioni." Hakuniambia ninunue kitu. Alichomoa koili ya silinda ya tatu, kile kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche, akaipeleka kwa ya kwanza, ya kwanza akaileta kwa ya tatu, akafuta ile namba, tukazunguka mtaa. Kusoma tena: P0301. Ugonjwa umehama na koili! Dakika kumi na tano, bila senti.

Akanionyesha mpira wa koili: umevimba, mweusi, unateleza. Akamulika shimo la plagi, na mle chini kulikuwa na kidimbwi cha oili. Gasketi ya kifuniko cha juu cha injini, ule mpira wa kuziba oili, ilikuwa imekauka. Alipoipinda ilikatika kama biskuti. Oili inavuja shimoni, inaoza mpira, cheche inatorokea ubavuni badala ya kufika kwenye plagi.

Sasa nieleze. Yule fundi wangu wa kwanza, alipoweka plagi mpya, si alichomoa koili hizi hizi? Si aliona kidimbwi? Nakumbuka vizuri aliniomba tambara. Nilimpa la kwangu, la kupangusia kioo! Akakausha, akarudisha, akasema pampu.

Koili moja, gasketi moja, na shilingi 500 za kijana. Ya plagi na pampu sijamwambia mama watoto, na nyinyi msimwambie.

Jumatatu nilifika nyumbani saa nne usiku, gari limetulia kama la balozi. Geti limefungwa. Nikapiga honi. Kimya. Nikapiga tena. Dirisha la Baba Shiru likafunguka kabla ya geti. Mwishowe soja akatoka na rungu, akanimulika tochi usoni.

"Unatafuta nani?"