Bonde la mafunjo si shamba la mlimani

Kwa mkulima wa mlimani, udongo uliotifuliwa ukawa laini kama unga ni sifa ya aliyelima. Ustadi huohuo ukishushwa kwenye kinamasi kilichokaushwa, ni uharibifu.

Chukua mabonde ya Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda. Mengi yalikuwa mafunjo matupu hadi yalipochimbiwa mifereji katikati ya karne iliyopita. Udongo wake ni peti, yaani mabaki ya mimea yaliyorundikana majini karne kwa karne bila kuoza sawasawa, kwa kukosa hewa. Uminye ungali mbichi, maji yatachuruzika vidoleni ubaki na nyuzinyuzi. Zaidi ya asilimia 80 ya ujazo wake ni vinafasi vya maji.

Sasa lima. Plau hupindua na kuingiza hewa, na vijidudu huanza kula kile ambacho maji yalikihifadhi. Nyuzi hukatika, vinafasi vikubwa huporomoka, udongo hushindiliana. Chini ya kina cha plau, magurudumu huacha tabaka gumu lisilopitisha maji wala mizizi. Juu, kiangazi kikikolea, hubaki vumbi jeusi linalokataa maji: limwagie kikombe kimoja uone matone yanavyosimama juu yake bila kuzama. Mvua imenyesha, viazi vinanyauka, na mwenye shamba anakwenda kununua mbolea!

Hata hivyo, mkosaji wa kwanza ni mfereji, na mashabiki wa kilimo kisichotumia jembe hupenda kulipita hili. Kule Holme Fen, kinamasi cha peti kilichokaushwa huko Uingereza, nguzo ya chuma ilizamishwa mwaka 1851, kichwa chake kikiwa sawa na uso wa ardhi. Leo imechomoza karibu mita 4, na mahali penyewe ni msitu, si shamba. Kukausha tu kunatosha kuishusha ardhi. Plau huongeza kasi.

Kwa hiyo ningeanza na maji. Mifereji izibwe kiasi, maji yapande karibu na mizizi, kisha jembe liguse pale tu mbegu inapoingia. Viazi vinataka matuta, najua, na viazi ndivyo vyenye pesa. Basi vipandwe pembezoni, bonde lenyewe liachiwe majani ya kukatia ng'ombe, na trekta lisikanyage humo wakati wa mvua.