Makofi yenu yameua hataza ya kijana

Kuna video inazunguka kwenye magrupu ya Mbeya. Nimetumiwa na watu ambao hata hawajuani: jirani wa Ilomba, shemeji yangu wa Makambako, na mwalimu mmoja mstaafu ambaye siku zote hutuma dua za asubuhi tu. Kijana yuko kwenye banda la maonyesho, kafungua kifaa chake chote, anaeleza. Mgeni rasmi kainama, kashika kidevu, anatikisa kichwa kama daktari bingwa. Chini pameandikwa "Nyanda za Juu tuna vichwa!" na bendera za kutosha.

Baadaye ikaja ya sauti. Jamaa analalamika kwamba kijana yuleyule kaenda kwa mwanasheria kuulizia hataza, ile haki ya kisheria ya mvumbuzi kuwazuia wengine wasikopi kitu chake, kaambiwa imeshachelewa, aliyoyaonyesha tayari ni ya watu wote. Sababu, kwa mujibu wa jamaa: "Wazungu hawataki tuendelee."

Hapo ndipo nilipochoka.

Kijana huyo namfahamu. Meza yake iko Mwanjelwa, kwenye ule msururu wa mafundi simu ambako ukipita tu unaitwa bosi hata kama mfukoni una nauli ya daladala. Amenibadilishia vioo mara nyingi, na ni mmoja wa wachache watakaokwambia ukweli kwamba hiki ni kopi, hiki ni OG, na kwamba hicho OG bei yake inakaribia nusu ya simu yenyewe, kwa hiyo jifikirie.

Kifaa chake ni hiki. Mchana wa jua kali kule Uyole, wanapopima viazi, mizani ya kidijitali na simu za wanunuzi zote hugeuka vioo vya kujitazamia. Huoni namba. Muuzaji anaziba jua kwa kofia, mnunuzi anachungulia, na ugomvi unaanzia hapohapo. Kijana akachukua paneli ya kompyuta mpakato iliyokufa, akachomoa taa za nyuma, akaondoa lile fremu, akabaki na kioo chenyewe. Niliwahi kumkuta akiibandua: karatasi ya kutawanya mwanga, kipande cha plastiki kinachosambaza mwanga kutoka pembeni, karatasi nyeupe ya mwisho ya kuurudisha, kila kimoja anakilaza juu ya gazeti kwa mpangilio, na anapuliza vumbi kwa bomba la sindano. Kioo cha aina hiyo hakitoi mwanga wake. Kinachuja tu unaotoka nyuma, tena kinameza karibu wote, unaomfikia mtazamaji hata sehemu moja ya kumi haufiki. Ndiyo maana jua linakishinda.

Yeye akasema basi jua lenyewe liwe taa. Akaweka mfuniko nyuma wenye bawaba. Ukiufungua, mwanga wa mbinguni unaingia kwa nyuma. Ukishuka ukungu, na Mbeya ukungu haupigi hodi, unaufunga, na taa zilizo ndani ya mfuniko zinawaka. Kipande kitamu ni bawaba: kadiri mfuniko unavyofunguka ndivyo taa zinavyofifia zenyewe, kidogo kidogo, betri isile hasara.

Tumpeleke sasa kwa mkaguzi wa hataza, yule mnayesema ana wivu.

Mkaguzi hana habari na sura ya mwombaji. Anachukua sentensi moja, ile ya dai la kwanza, inayosema mvumbuzi anataka kulindiwa nini hasa, anaikatakata, na kila kipande anauliza kama kilishakuwepo. Paneli ya kioo cha majimaji (LCD) isiyo na taa ya kudumu nyuma: ipo, watu wamezichomoa taa hizo miaka mingi. Kioo kinachosomeka juani kwa kutumia jua lenyewe: kipo pia, ile kompyuta ndogo ya watoto wa shule, XO-1, iliyotoka mwaka 2007 na kufika hadi Rwanda, ilikuwa ukizima taa ya ndani unaisoma juani kwa rangi nyeusi na nyeupe. Mfuniko wenye taa: pengine atapata kinachofanana, pengine atasema fundi wa kawaida wa fani hii angekifikiria bila kuumiza kichwa. Anabaki na bawaba inayofifisha taa kwa kufuata pembe ya mfuniko. Hapo anaweza kukwama. Anaweza kusema, sawa, hiki sijakiona popote, andika dai lako upya, liwe dogo, lishike bawaba, achana na hayo mengine.

Ndivyo hataza za paneli zinavyopatikana, hata kwa makampuni makubwa. Barua za mkaguzi na mwombaji katika ofisi ya Ulaya ziko wazi mtandaoni, mtu yeyote anazisoma bure, na mimi siku umeme ukikatika na simu ina chaji huwa nazisoma, mke wangu ameshakata tamaa. Utakuta kampuni yenye mabilioni inabishania mahali waya ulipopita. Paneli yenye sehemu mbili, moja ina vitone vichache, vile vinavyounda picha, ili kamera iliyo chini yake ipate kuona. Mkaguzi anasema vitone vichache vimeshafanywa. Wanajibu, lakini sisi nyaya zetu tumezisogeza pembeni. Mkaguzi anasema onyesha mstari gani wa maelezo yako ya awali unasema hivyo. Wanarudi, wanapunguza, wanaongeza neno. Wanakataliwa na hawaandiki kwamba wanaonewa. Wanajibu barua.

Kwa hiyo kijana wetu alikuwa na kitu. Kidogo, lakini cha kweli. Sasa rudini kwenye video yenu. Dakika ya kwanza anaonyesha kioo. Ya pili mfuniko. Kisha mgeni rasmi anamwambia, nanukuu kutoka kwenye video, "Hebu tufungulie tuone inavyofanya kazi ndani." Na kijana, kwa heshima ya kwao, anafungua. Bawaba yote iko pale. Waya, kipingamizi kidogo cha kuzungusha, mkono unaokizungusha, kila kitu, mchana kweupe, mbele ya umati, simu zaidi ya kumi zimenyanyuliwa.

Mkaguzi akiulizwa leo kama bawaba ile ni mpya, jibu lipo kwenye simu ya mwalimu wangu mstaafu. Sheria ya hataza ya Ulaya inahesabu kila kilichowekwa wazi kwa umma kabla ya siku ya kuwasilisha maombi, kwa maandishi, kwa mdomo, kwa kutumiwa au kwa namna nyingine yoyote. Haijali kwamba aliyeweka wazi ni mvumbuzi mwenyewe aliyevaa fulana ya maonyesho. Marekani, Japani na Korea Kusini humwachia mvumbuzi mwaka mmoja baada ya kujianika mwenyewe, kwa hiyo mwanasheria akisema yamekwisha kabisa huenda kaharakisha kidogo. Lakini niambieni, nani hapo Mwanjelwa atamlipa wakala wa Marekani kabla mwaka haujaisha? Mgeni rasmi?

Wala hili si jambo la jana. Mwaka 1873 kulikuwa na maonyesho makubwa Vienna, na wavumbuzi wa nje waligoma kupeleka vitu vyao kwa kuogopa mawazo yao kuibwa. Wazungu haohao. Hawakuambiwa wana roho mbaya, hawakuambiwa wazalendo hufungua. Kelele zao ni moja ya sababu zilizozaa Mkataba wa Paris wa 1883, ambao mpaka leo ndio unaomruhusu mtu aliyewasilisha maombi nchini kwake apate miezi 12 ya kwenda nchi nyingine akiwa na tarehe ileile ya kwanza mkononi. Tanzania tumo kwenye mkataba huo. Maana yake kijana angepeleka karatasi BRELA, ofisi ya serikali inayopokea maombi ya hataza, asubuhi, mchana angemfungulia mgeni rasmi mfuniko, bawaba na hata moyo wake, na tarehe yake isingeguswa na mtu.

Na kwa kuwa tunazungumzia vioo, chukueni mfano wa kioo chenyewe. Martin Schadt na Wolfgang Helfrich, wakiwa kwenye kampuni ya dawa ya Hoffmann-La Roche huko Uswisi, waligundua namna ya kuyasokota yale majimaji ili kioo kiwake na kuzimika kwa umeme mdogo sana. Saa za kidijitali za miaka ya sabini, kikokotoo cha duka la mangi, vyote vimepita hapo. Waliwasilisha maombi ya hataza tarehe 4 Desemba 1970. Makala yao kwenye jarida la kisayansi ikatoka Februari 1971. Angalieni mpangilio. Karatasi kwanza, kujulikana baadaye. Kule Marekani, James Fergason naye alikuwa kwenye njia hiyohiyo, akawasilisha ya kwake Aprili 1971. Wakavutana, mpaka kampuni ile ya Uswisi ikamalizana naye kwa fedha. Watu wazima na akili zao, wamegombania miezi minne na nusu. Sisi tarehe tunaitupa kwa ajili ya picha ya pamoja.

Ninachokasirikia ni hiki, na nitakisema bila kuzunguka: si kosa la kijana. Waliomwita kwenye maonyesho ndio walipaswa kujua. Nimeiona fomu ya ushiriki. Inauliza jina la ubunifu, wilaya, jinsia, namba ya simu, na saizi ya fulana. Saizi ya fulana! Hakuna mstari unaouliza, "Je, umeshawasilisha maombi ya hataza? Kama bado, usionyeshe sehemu za ndani." Mstari mmoja. Wino wake hauzidi nembo za wafadhili walizozijaza chini ya ukurasa. Badala yake kuna kipengele cha alama: "uwazi wa maelezo ya mshiriki". Yaani anayejianika zaidi ndiye anayepata alama. Tumetengeneza mashine ya kuchuja wavumbuzi na kubakiza waropokaji, halafu tunawapa cheti.

Msiniambie "ni mashindano ya vijana tu, usikuze mambo". Kama ni ya vijana tu, kwa nini hotuba ilisema ubunifu wa kanda hii utaikomboa nchi? Chagueni moja.

Kuna atakayesema hataza zenyewe hazina faida kwa mtu wa Mwanjelwa. Haya. Nakubali, kwa shingo upande. Ada zipo, na zinajirudia kila mwaka. Wakala anataka chake. Hataza nyingi duniani haziingizi hata senti, zinakaa kabatini mpaka miaka 20 iishe. Na ukiwa na hataza ya Tanzania pekee, kiwanda cha nje kikikopi na kuuza nje, utakitazama tu. Inawezekana kabisa kijana akanufaika zaidi kwa kuuza vifaa thelathini pale Uyole kuliko kwa karatasi yenye mhuri. Ila huo ulipaswa kuwa uamuzi wake. Akae, apige hesabu, aseme mimi hataza sitaki, naweka wazi kila mtu atengeneze. Hiyo ni hiari na ni heshima. Aliyofanyiwa ni kuamuliwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kuwahi banda la asali.

Na hao wanaodai ofisi za mbali ndizo pekee zinazokagua: ARIPO, shirika la nchi za Afrika la mambo ya hataza, ipo Harare, tumo, na wanakagua hasa, kama kitu ni kipya au la. Hilo tu, sina zaidi.

Nimemtembelea kijana juzi. Alikuwa na simu nne zimelala kifudifudi, moja kwenye hita, gundi inalainika. "Shikamoo anko," kasema bila kuinua kichwa. Nikamuuliza kuhusu ile sauti ya magrupuni. Kacheka. Kasema yeye hakulalamika kuhusu wazungu, huyo ni jamaa wa jirani, anaongea sana. Alicholalamikia yeye ni kwamba tangu video itoke amepigiwa na watu watatu wanaotaka awafundishe kutengeneza, bure, na mmoja wao ana duka kubwa mjini Iringa. "Sasa nitamkatalia nini anko, si alishaona?" Halafu kaendelea kukatiza uzi mwembamba wa chuma kati ya kioo na paneli, taratibu, ulimi umetoka pembeni.

Waandaaji najua mnasoma hapa, maana nikiandika kuhusu mashimo ya barabara kesho yake huwa mnanipigia kutaka kujua nani kanituma. Maonyesho mengine yanakuja, na fomu bado hamjaichapa. Uwekeni ule mstari. Nafasi ya saizi ya fulana inatosha kabisa, maana hata hizo fulana mwaka huu mlileta saizi moja.